Stenti ya chuma tupu, ya dawa au inayoyeyuka: ipi inamfaa mgonjwa wa shambulio la moyo?

Mtu anapopatwa na shambulio kubwa la moyo, mshipa mmojawapo unaolisha msuli wa moyo unakuwa umeziba, na kadiri dakika zinavyopita ndivyo msuli unavyozidi kufa. Kwa hospitali yenye maabara ya katheta, yaani chumba cha kufungulia mishipa ya moyo kwa mrija mwembamba, miongozo ya Ulaya inataka waya uwe umeshapenya kwenye kizibo ndani ya dakika 60 tangu ugonjwa utambuliwe. Katika dakika hizo hakuna ndugu anayeweza kukaa chini na kulinganisha stenti, vile vyavu vidogo vinavyoachwa ndani ya mshipa ili ubaki wazi. Ulinganisho huu ni wa kusomwa kabla au baada: na mwenye ugonjwa wa moyo, na anayemuuguza mzazi, na aliyekwisha kuwekewa stenti anayetaka kujua ni kitu gani kimo kifuani mwake.

Msimamo wangu nausema mapema. Kwa karibu kila mgonjwa wa shambulio la moyo, stenti ya kisasa yenye dawa ndiyo ya kuchagua. Ile hoja ya siku nyingi kwamba asiyeweza kumeza dawa kwa muda mrefu apewe chuma tupu imepitwa na wakati. Panapohitaji kuamuliwa kwa makini zaidi leo ni kwenye vidonge: vipi, na kwa muda gani.

Adui wawili

Stenti ni wavu mdogo wa chuma wenye umbo la bomba, uliobanwa juu ya puto lililokunjwa kwenye ncha ya katheta. Daktari huingia kupitia ateri ya kifundo cha mkono au ya kinena, hupandisha katheta hadi mlangoni mwa mshipa wa moyo, kisha hupitisha waya wenye unene wa milimita 0.36 hivi katikati ya donge la damu. Puto hujazwa kwa shinikizo la angahewa kumi na kitu kwa sekunde chache, wavu hutanuka na kubanwa kwenye ukuta wa mshipa, puto hunyonywa na kutolewa, wavu hubaki. Kwenye skrini, mshipa uliokuwa ukiishia njiani huonekana tena hadi ncha zake. Mara nyingi mgonjwa yuko macho, na maumivu ya kifua huanza kupungua akiwa bado kitandani hapo hapo.

Andreas Grüntzig ndiye aliyepanua mshipa wa moyo kwa puto mara ya kwanza, mjini Zurich mwaka 1977. Puto peke yake lilifungua mshipa, lakini baadhi ya mishipa ilijirudia au kuchanika na kufunga tena. Mwaka 1986 Jacques Puel huko Toulouse na Ulrich Sigwart huko Lausanne waliwawekea wagonjwa stenti za kwanza, ili mshipa ubaki umeshikiliwa.

Tangu hapo, watengenezaji wote wamekuwa wakipambana na adui wawili. Wa kwanza ni kovu: ukuta wa mshipa uliojeruhiwa huota nyama kupita kiasi, na baada ya miezi kadhaa njia inasongwa tena. Huyu huja polepole, na mara nyingi mgonjwa huanza kusikia kifua kinabana akitembea. Wa pili ni damu kuganda ndani ya stenti. Huyu huja ghafla, huleta shambulio jingine la moyo, na wengi anaowapata hufariki. Ukilinganisha stenti yoyote na nyingine, uliza maswali mawili tu kwanza: inamzuiaje wa kwanza, na inamfungulia mlango kiasi gani wa pili?

Mgonjwa wa shambulio la moyo yuko hatarini zaidi kwa huyo wa pili kuliko mtu anayewekewa stenti kwa miadi. Stenti yake inatanuliwa juu ya donge bichi, mahali ambapo ukuta wa mshipa umepasuka, huku damu yenyewe ikiwa na hamu kubwa ya kuganda. Ndiyo maana matokeo ya tafiti zilizofanywa kwa wagonjwa wasio na shambulio hayafai kuhamishiwa kwao bila kufikiri, na hapa nimeegemea zaidi zile zilizowahusu wao wenyewe.

Chuma tupu na stenti ya dawa

Stenti ya chuma tupu ni chuma tu, cha pua au mchanganyiko wa kobalti na kromi. Mshipa huifunika haraka kwa ngozi yake ya ndani, na hiyo ndiyo sifa yake. Udhaifu wake ni kovu. Katika utafiti wa RAVEL wa mwaka 2002, uliowahusu watu 238 wasio na shambulio, mshipa ulikuwa umesinyaa tena kwa asilimia 26.6 ya waliowekewa chuma tupu baada ya miezi sita. Kwa waliowekewa stenti yenye sirolimasi hakupatikana hata mmoja.

Sirolimasi ilitokana na vijidudu vya udongo wa Kisiwa cha Easter. Ikipakwa juu ya chuma ndani ya utando wa polima, aina ya plastiki, hutoka kidogo kidogo kwa wiki na miezi na kuzizuia seli za ukuta kuota ovyo. Stenti za kwanza za aina hii, Cypher ya sirolimasi na Taxus ya paklitakseli, zilienea kwa kasi kuanzia mwaka 2002. Kisha mwaka 2006 ukazuka wasiwasi mkubwa: baadhi ya wagonjwa walikuwa wanapata donge la damu ndani ya stenti hizo mwaka mmoja, miwili, hata mitatu baadaye. Nyuzi zake zilikuwa nene, za mikroni 130 hadi 140 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Polima yake iliuchokoza ukuta wa mshipa, na dawa ilichelewesha chuma kufunikwa. Sifa mbaya iliyozipata stenti za dawa wakati ule bado inasemwa hadi leo kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Kimebadilika. Stenti za kizazi kilichofuata zina nyuzi nyembamba, za mikroni 80 hivi na pungufu, polima inayopatana na damu, na dawa za ukoo wa sirolimasi kama everolimasi na zotarolimasi. Utafiti wa EXAMINATION uliwachukua wagonjwa wapatao 1,500 wa shambulio kubwa la moyo na kuwagawa kwa kura kati ya stenti ya everolimasi na chuma tupu. Baada ya mwaka mmoja, donge lililothibitishwa ndani ya stenti lilionekana kwa asilimia 0.5 ya waliopewa stenti ya dawa, na asilimia 1.9 ya waliopewa chuma tupu. Soma hapo mara mbili: stenti ya dawa ilishinda kwenye kuganda kwa damu, uwanja ambao chuma tupu kilidhaniwa ni salama zaidi. Kufikia mwaka wa tano, waliofariki kwa sababu yoyote walikuwa asilimia 8.6 upande wa dawa na 11.7 upande wa chuma tupu.

Utafiti wa COMFORTABLE AMI, uliochapishwa 2012, ulitumia stenti ya biolimasi, dawa nyingine ya ukoo wa sirolimasi, kwa wagonjwa 1,161 wa shambulio la moyo. Ndani ya mwaka mmoja, vifo vya moyo, shambulio jipya kwenye mshipa ule ule au kurudishwa kwa ajili ya stenti ile ile vilitokea kwa asilimia 4.3, dhidi ya 8.7 kwa chuma tupu.

Haki itendeke kwa upande wa pili pia. Utafiti mkubwa wa Norway, NORSTENT, wenye wagonjwa 9,013 wa kila aina, haukuona tofauti ya vifo na mashambulio kwa pamoja baada ya miaka sita. Tofauti ilikuwa kwenye kurudia matibabu: asilimia 16.5 kwa stenti za dawa, 19.8 kwa chuma tupu. Kwa hiyo mtu aliyewekewa chuma tupu zamani na anaendelea vizuri hana sababu ya kukosa usingizi. Stenti iliyokwisha kufunikwa na mshipa na iliyo wazi haibadilishwi. Lakini kwa anayewekewa leo, miongozo ya Ulaya inasema wazi kwamba stenti ya dawa ipewe nafasi ya kwanza, na sioni hoja ya kitabibu ya kupingana nayo.

Mgonjwa anayevuja damu kwa urahisi

Hapa ndipo chuma tupu kilipojificha kwa miaka mingi. Hoja ilikuwa hivi: stenti ya dawa inahitaji vidonge viwili vya kuzuia damu kuganda kwa mwaka mzima, chuma tupu kinahitaji mwezi mmoja tu, basi mzee mwenye vidonda vya tumbo, au mwenye upungufu wa damu, au anayesubiri upasuaji, apewe chuma tupu. Inaingia akilini. Kasoro yake ni kwamba kwa muda mrefu hakuna aliyeipima.

Utafiti wa LEADERS FREE uliipima mwaka 2015. Wagonjwa zaidi ya 2,400 wenye hatari kubwa ya kuvuja damu waligawanywa: wengine chuma tupu, wengine BioFreedom, stenti iliyopakwa biolimasi bila polima yoyote. Wote walipewa vidonge viwili kwa mwezi mmoja tu, yaani kwa masharti yale yale yaliyotengenezwa kukibeba chuma tupu. Kifo cha moyo, shambulio au donge ndani ya stenti vilitokea kwa asilimia 9.4 ya waliopata stenti ya dawa na 12.9 ya waliopata chuma tupu. Waliolazimika kutibiwa tena mahali pale pale walikuwa asilimia 5.1 dhidi ya 9.8.

Je, ni kwa sababu haikuwa na polima? ONYX ONE ulijibu mwaka 2020 kwa kuilinganisha BioFreedom na Resolute Onyx, stenti ya zotarolimasi yenye polima ya kudumu, tena kwa mwezi mmoja wa vidonge viwili. Onyx haikuwa nyuma: asilimia 17.1 ya waliowekewa Onyx na 16.9 ya waliowekewa BioFreedom walipata madhara yaliyokuwa yanahesabiwa. Kwa maneno mengine, stenti za kisasa za dawa, zenye polima na zisizo nayo, zinavumilia muda mfupi wa vidonge pale damu ya mgonjwa inapolazimisha.

Ndiyo maana nasisitiza jambo hili kwa ndugu wa wagonjwa wazee. Ukiambiwa "tumemwekea chuma tupu kwa sababu hawezi kumeza dawa mwaka mzima", uliza kwa heshima kama hakukuwa na stenti ya dawa iliyojaribiwa kwa mwezi mmoja wa vidonge. Pengine siku ile haikuwepo rafuni, na kufungua mshipa kwa chuma tupu ni bora mara nyingi kuliko kuuacha umeziba. Lakini "haikuwepo" ni sababu tofauti na "haimfai", na familia inastahili kujua ni ipi kati ya hizo.

Kati ya stenti za dawa zenyewe

Tofauti hapa ni ndogo. Kuna zenye polima ya kudumu kama Xience na Resolute Onyx, zenye polima inayoyeyuka baada ya kazi yake kuisha kama Orsiro, Synergy na Ultimaster, na zile zisizo na polima. Wazo la polima inayoyeyuka ni zuri: dawa ikiisha na polima iondoke, kibaki chuma kilichofunikwa.

Kwa shambulio la moyo hasa, ushahidi unaostahili kutajwa ni BIOSTEMI. Wagonjwa 1,300 waligawanywa kati ya Orsiro, ambayo nyuzi zake kwenye saizi ndogo ni za mikroni 60, na Xience yenye mikroni 81. Baada ya mwaka mmoja stenti ilishindwa kazi kwa asilimia 4 dhidi ya 6, na baada ya miaka mitano ni 8 dhidi ya 11. Kilicholeta tofauti hasa ni kupungua kwa watu waliorudishwa kutanuliwa mahali pale pale, zaidi ya vifo. Ningekuwa na zote mbili mbele yangu kwa ajili ya shambulio la moyo, ningeipa Orsiro nafasi ya kwanza kidogo. Nikiwa na Xience peke yake, nisingepoteza dakika moja kuitafuta nyingine.

Kuna jambo lenye uzito kuliko jina la stenti: kama imekaa sawasawa. Wakati wa shambulio mshipa hujikunyata, na donge hupunguza upana unaoonekana, hivyo ni rahisi kuchagua stenti ndogo. Baadaye mshipa ukilegea, nyuzi hubaki zikielea bila kugusa ukuta, na hapo damu hupata pa kugandia. Daktari anayepima mshipa kwa ndani, kwa mawimbi ya sauti au kwa mwanga, anaona haya ambayo eksirei pekee huyaficha.

Inayoyeyuka yenyewe

Nani asingependa stenti inayofanya kazi yake kisha ikatoweka? Absorb, iliyotengenezwa kwa aina ya plastiki inayoyeyuka katika muda wa miaka mitatu hivi, iliidhinishwa Marekani Julai 2016. Nyuzi zake zilikuwa na unene wa mikroni 150 na zaidi, maana plastiki nyembamba haina nguvu ya kushikilia mshipa. Utafiti wa AIDA, wenye watu 1,845, ulionyesha kuganda kwa damu, kulikothibitishwa au kushukiwa, kwa asilimia 3.5 katika miaka miwili, dhidi ya 0.9 kwa Xience. Septemba 2017 kampuni iliacha kuiuza. Magmaris ya magnesiamu ilijaribiwa kwa wagonjwa 150 wa shambulio la moyo katika MAGSTEMI. Haikuongeza madonge, lakini waliorudi kutanuliwa tena walikuwa wengi kuliko wale wa stenti ya sirolimasi. Kwa shambulio la moyo, leo, jibu langu ni hapana.

Nyavu maalumu, na kusubiri

MGuard ilivalishwa wavu laini wa nje ili vipande vya donge visishuke kwenye vimishipa vidogo. Katika wagonjwa 433, dalili za kwenye ECG (kipimo cha umeme wa moyo) zilitulia vizuri zaidi, lakini haikuleta faida ya wazi baadaye na kurudia matibabu kuliongezeka. Pia lipo wazo la kufungua mshipa kidogo, kusubiri siku mbili tatu donge liyeyuke, kisha ndipo iwekwe stenti. DANAMI-3-DEFER ililijaribu kwa wagonjwa 1,215 na haikuona faida kwa ujumla. Daktari anaweza kufanya hivyo kwa mgonjwa mmoja mmoja mwenye donge kubwa sana, kwa sababu aliyoiona yeye mezani.

Vidonge, sehemu ya pili ya stenti

Stenti bora kabisa inaweza kuziba ikiachwa bila dawa katika wiki za mwanzo. Utaratibu wa kawaida baada ya shambulio ni aspirini pamoja na kimoja kati ya tikagrelo, prasugreli na klopidogreli kwa miezi 12. Prasugreli haipewi aliyewahi kupata kiharusi. Tikagrelo humezwa mara mbili kwa siku na huwaletea baadhi ya watu hali ya kuhisi pumzi fupi. Mtu huogopa, anadhani moyo unarudi ulikotoka, anaacha kidonge kimyakimya. Asiache. Aseme, abadilishiwe.

Kwa wenye hatari kubwa ya kuvuja damu, MASTER DAPT ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba baada ya kuwekewa Ultimaster, mwezi mmoja wa vidonge viwili uliwatosha, na kuvuja damu kulishuka hadi asilimia 6.5 kutoka 9.4. Karibu nusu yao walikuwa wametoka kwenye shambulio au dalili zake kali. Lakini mwenye damu imara asilichukue hilo kama ruhusa. STOPDAPT-2 ACS ulijaribu kuwaachisha aspirini mapema wagonjwa 4,169 waliotoka kwenye shambulio au dalili zake kali na kuwabakiza na klopidogreli peke yake, na mashambulio ya moyo yakaongezeka. Muda mfupi ni tiba ya anayevuja damu. Kwa mwingine ni hatari isiyo na sababu.

Wiki za kwanza, usikubali mtu yeyote, awe wa meno au wa upasuaji, akuambie uache vidonge bila kuzungumza na daktari wa moyo.

Kadi, na mshipa wa pili

Ukiruhusiwa kutoka, omba kadi ya stenti. Mfano wa kinachoandikwa: jina la stenti, namba ya toleo, tarehe, "LAD" yaani mshipa wa mbele unaoshuka, na "3.0 × 18": upana milimita 3, urefu milimita 18. Piga picha ukae nayo kwenye simu. Atakayekutibu baadaye atajua mara moja ni aina gani, ya dawa au chuma tupu, na iko kwenye mshipa upi. Ukihitaji kipimo cha MRI, kadi hiyo ndiyo itakayosomwa. Stenti za moyo za kisasa haziukatazi, kwa masharti ambayo watengenezaji wake wameyaandika.

Wagonjwa wengi hukutwa na mshipa mwingine uliosinyaa mbali na ule ulioziba. Utafiti wa COMPLETE, 2019, wenye wagonjwa 4,041, ulionyesha kwamba kuitibu na hiyo mingine kwa mpango ndani ya siku 45 kunapunguza kifo cha moyo na shambulio jipya: asilimia 7.8 dhidi ya 10.5 katika miaka mitatu hivi. Kwenye stenti hii ya pili hakuna king'ora. Muulize daktari ataweka stenti gani na unene wa nyuzi zake, kama atapima mshipa kwa ndani, vidonge vitahesabiwa upya kuanzia lini, na kama historia yako ya vidonda vya tumbo, figo au upungufu wa damu ameiona kwenye faili. Na kama kuna upasuaji wowote uliopangwa mwaka huu, mtajie siku hiyo hiyo, kabla tarehe ya katheta haijawekwa.